Injini Inapokimbia Ilhali Gari Limesimama

Maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa wakazi, ofisi ya kata, kuhusu utunzaji wa magari ya vikundi



Mazungumzo ya leo yanahusu hitilafu ndogo ya gari ambayo nusura ivunje kikundi cha vijana na kumpotezea dereva mmoja jina lake jema. Hitilafu yenyewe ni injini kukimbia ilhali gari limesimama na hakuna mguu uliokanyaga mafuta.

Kisa hiki kina faida kwa kila mwenye gari, na zaidi kwa vikundi vinavyokopeshwa. Kama inavyofahamika, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Wako wanaonunua mashine ya kusaga, wako wanaonunua pikipiki, na wako wanaonunua gari. Chombo kikiharibika, marejesho hukwama. Na marejesho yakikwama, kikundi kinachosubiri zamu yake huzidi kusubiri.

Vijana watano walinunua Toyota Noah kuukuu, ya petroli na ya gia otomatiki, ili wabebe abiria na mizigo kati ya mnadani na mjini. Mmoja wao alikuwa dereva, mwingine mwekahazina, na mwingine mwenyekiti. Kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tatu, mshale wa mizunguko ya injini ulianza kukataa kushuka. Zamani gari liliposimama, mshale ulitua kwenye mizunguko 700 au 800 kwa dakika. Sasa ulibaki kwenye 1,500, na mara nyingine ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema.

Jambo la pili lilionekana katika daftari la mwekahazina. Safari za siku zilizokuwa zikitosha kwa lita 12 za petroli sasa zilitaka lita 15. Njia ilikuwa ile ile na abiria ni wale wale. Kikundi kikakutana, na maneno yakaanza kuwa makali.

"Mafuta yanakwenda wapi, kaka?" mwenyekiti alimuuliza dereva.

"Gari linayanywa, mwenyekiti. Hata likisimama linanguruma."

"Tangu lini gari likanywa mafuta kiasi hicho likiwa limesimama?"

Dereva hakuwa na jibu la kitaalamu. Aliapa kwamba hakuuza hata nusu lita, lakini kiapo hakikuweza kushindana na daftari. Walikubaliana kumpa wiki mbili. Baada ya hapo angekabidhi funguo.

Dereva alilipeleka gari kwa fundi wa kwanza. Huyu alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akazungusha skrubu ya kurekebisha mwendo wa injini lisimamapo gari, mwendo ambao mafundi wengi wa mitaani huuita sailensi. Mshale ukashuka, fedha ikalipwa. Kesho yake asubuhi gari lilizimika mara nne kabla ya kufika barabara kuu, na daftari la petroli halikubadilika. Fundi wa pili alisema kwamba vali ya sailensi imekufa. Akauza nyingine iliyotumika, akaifunga. Siku mbili baadaye mshale ulikuwa umerudi kule kule juu.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mwenye gereji ndogo nyuma ya soko. Hakushika spana. Aliuliza kwanza: hali hii ilianza lini, huwa wakati injini ni baridi au ni moto, na je, kuna kitu kingine katika gari kilichobadilika? Dereva alifikiri, kisha akakumbuka jambo aliloliona dogo. Asubuhi za baridi alikuwa akiwasha feni ya joto kwa ajili ya abiria, na kwa wiki kadhaa feni ile ilikuwa ikitoa hewa baridi.

"Maji je?" mzee aliuliza.

"Nimeyaangalia kila siku, mzee. Chupa imejaa."

"Chupa umeiangalia, mwanangu. Rejeta umeiangalia?"

Waliliacha gari lipoe kwa zaidi ya saa moja. Mfuniko wa rejeta ulipofunguliwa, maji hayakuonekana. Rejeta ilipokea karibu lita 3. Chini ya gari, penye mpira mdogo unaopeleka maji ya moto kwenye feni ya joto, palikuwa na alama nyeupe ya maji yaliyokauka karibu na klipu. Mpira ulikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha.

Hapo ndipo inapofaa kueleza jinsi maji yanavyohusiana na mngurumo.

Injini ya petroli huhitaji hewa na mafuta. Dereva anapokanyaga pedali, hafungulii mafuta moja kwa moja. Hufungua kilango cha hewa, na kompyuta ya gari hupima na kuongeza petroli inayolingana na hewa hiyo. Mguu ukiondolewa, kilango hufungwa. Injini haizimiki kwa sababu kuna njia ndogo ya pembeni inayopitisha hewa kidogo, na vali ya sailensi hupanua au kuibana njia hiyo kwa amri ya kompyuta. Kwa hiyo injini ikikimbia pasipo kukanyagwa, maana yake ni moja kati ya mbili: ama hewa inaingia pasipotakiwa, ama kompyuta imeamuru mwendo uongezwe kwa sababu inaamini kwamba unahitajika.

Injini baridi inahitaji mwendo mkubwa zaidi na petroli nyingi zaidi. Ndiyo maana gari likiwashwa alfajiri, mshale hukaa kwenye 1,200 hadi 1,500 kwa dakika chache, kisha hushuka kadiri maji yanavyopata joto. Hilo si ugonjwa. Kompyuta hujua joto la injini kwa sensa iliyozamishwa ndani ya maji. Maji yakipungua, sensa hubaki katika mfuko wa hewa, na hewa haipashi joto kama maji. Kompyuta husikia habari ya baridi siku nzima, nayo hutii: huongeza mwendo na humwaga petroli zaidi, gari likiwa linatembea na likiwa limesimama. Lita 3 za ziada zilizomponza dereva zilichomwa na injini, siku baada ya siku.

Katika baadhi ya magari ya miaka ya 1990, maji hayo hayo hupitishwa pia karibu na njia ya hewa ya pembeni, na joto lake ndilo linaloibana njia hiyo. Maji yasipofika, njia hubaki wazi. Chanzo kimoja huzaa dalili mbili.

Mbona taa ya injini haikuwaka? Kwa sababu sensa haikuharibika. Waya zake zilikuwa nzima, nayo ilieleza kwa uaminifu joto la mahali ilipokuwa. Na mbona chupa ya akiba ilikuwa imejaa? Injini inapopoa, maji yaliyomo husinyaa na kuvuta mengine kutoka katika chupa. Lakini penye ufa, mfumo huvuta hewa kupitia ufa ule, na chupa huachwa na maji yake. Mfuniko wenye mpira uliochoka huleta hali hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo chupa iliyojaa si ushahidi kwamba rejeta imejaa.

Jambo la kutisha zaidi ni kipimo cha joto kwenye dashibodi. Nacho hutegemea sensa iliyo katika maji. Kikizungukwa na hewa, huweza kuonyesha kwamba kila kitu ni shwari wakati kichwa cha injini kinaungua. Vijana wale walibakiza safari chache tu kabla ya kuunguza gasketi ya kichwa cha injini au kukipinda kichwa chenyewe. Matengenezo ya namna hiyo yangemeza marejesho ya miezi mingi. Mngurumo walioukasirikia ulikuwa ukiwaonya, na fundi wa kwanza aliunyamazisha kwa skrubu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mzee alibadilisha mpira, klipu na mfuniko wa rejeta. Akaliweka gari mahali ambapo pua yake iliinuka kidogo, akafungua feni ya joto hadi mwisho, akajaza maji yenye dawa ya kuzuia kutu, akaliwasha na kuliacha lingurume mfuniko ukiwa wazi tangu injini ilipokuwa baridi, hadi mapovu yalipokwisha. Akafunga mfuniko, akasubiri feni ya rejeta izunguke na kuzimika yenyewe. Mwisho akairudisha skrubu mahali pake pa zamani, palipokuwa na alama ya rangi ya kiwandani. Mshale ukatua kwenye 750.

Si kila mngurumo hutokana na maji. Ni vema kila mwenye gari afahamu utaratibu wa kutafuta chanzo, akianza na lisilogharimu fedha.

Kwanza, ipimwe hali yenyewe. Injini ipate joto kamili, kiyoyozi na taa zizimwe, gia iwe kwenye P au isiwe kwenye gia yoyote, na breki ya mkono ivutwe. Magari mengi madogo ya petroli hutua kati ya mizunguko 650 na 850. Kiyoyozi kikiwashwa mshale huweza kupanda kidogo, na hilo si kosa.

Pili, pedali ichunguzwe. Mara nyingine zulia la miguuni huibana pedali isirudi juu. Katika magari yenye waya wa mafuta, waya huo ukikazwa kupita kiasi au ukipata kutu ndani ya ganda lake, kilango cha hewa hakifungiki. Waya unapaswa kulegea kidogo mguu usipokuwa juu ya pedali. Uchafu mweusi kwenye ukingo wa kilango nao huweza kukizuia.

Tatu, maji yaangaliwe ndani ya rejeta yenyewe, injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta ya moto usifunguliwe kamwe: maji yaliyobanwa huruka juu kama mvuke wa chungu na kuunguza uso na mikono.

Nne, mipira ya hewa ichunguzwe. Nyuma ya kilango cha hewa kuna mvuto mkubwa, na mipira kadhaa midogo hutumia mvuto huo, ukiwamo mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki. Mpira uliokauka na kupasuka huingiza hewa, na injini hupanda. Mara nyingi husikika mlio mwembamba kama wa nyoka. Fundi hubana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ukibanwa mmoja na mshale ukashuka, uchunguzi uelekezwe huko. Penye maungio panaweza kunyunyiziwa maji ya sabuni kidogo, mbali na waya za umeme. Mwendo wa injini ukibadilika, hapo pana tundu. Petroli isinyunyiziwe juu ya injini inayowaka, hata kama kuna anayedai kwamba ndiyo njia ya haraka.

Tano, vali ya sailensi. Hujaa masizi na kukwama ikiwa wazi. Mara nyingi huhitaji kusafishwa kwa dawa yake, wala si kubadilishwa. Njia yake ya hewa ikizibwa kwa muda na mshale ukashuka vizuri, basi ama vali imekwama, ama kompyuta ndiyo inayoiamuru ibaki wazi. Fundi wa pili alisahau uwezekano huo wa mwisho, na ndiyo sababu vali aliyoiuza haikusaidia kitu.

Sita, kompyuta isomwe. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, fundi huunganisha vituo vya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi, kisha huhesabu jinsi taa ya injini inavyomweka. Namba 22 huonyesha kasoro katika njia ya umeme ya sensa ya joto la maji. Magari ya baadaye husomwa kwa mashine, na mashine hiyo huonyesha pia joto ambalo kompyuta inaliamini. Kama injini imetembea nusu saa na kompyuta bado inaamini nyuzi 40 za Selsiasi, ukweli umejitokeza.

Skrubu ni ya mwisho. Haiguswi kabla ya hatua zote hizo kukamilika, na fundi huweka alama mahali ilipokuwa ili iweze kurudishwa.

Kwa magari mapya yasiyo na waya wa mafuta, kilango cha hewa huendeshwa na mota ya umeme. Kilango hicho kisisukumwe kwa kidole wakati swichi imewashwa, maana kinaweza kujifunga kwa nguvu na kujeruhi. Tena, baada ya betri kuondolewa au kilango kusafishwa, mwendo huweza kuwa juu kwa muda kwa sababu kompyuta imesahau mahali pa kukisimamisha. Hapo kinachotakiwa ni kuifundisha upya kwa utaratibu wa gari husika, na si kununua kifaa kingine.

Lipo pia suala la usalama wa watu. Gari la otomatiki lenye mwendo wa juu huruka mbele mara gia inapowekwa kwenye D, na likiwa foleni husukuma hata dereva akidhani ametulia. Mbele ya shule au katikati ya soko, hatua moja ya gari inatosha kuleta msiba. Dereva wa gari lenye hitilafu hii akanyage breki barabara kabla ya kuingiza gia, na asilipeleke kazini hadi litengenezwe. Na uchunguzi ufanyike uwanjani: moshi wa gari ndani ya banda lililofungwa una gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Mwananchi asiyejua ufundi bado anaweza kujilinda kwa kumuuliza fundi maswali matatu kabla ya kulipa. Umepima nini? Kipimo kimeonyesha nini? Na kifaa cha zamani kiko wapi? Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Anayesema "tubadilishe hiki tuone" anabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Tukirudi kwa vijana wale, wiki moja baada ya matengenezo daftari lilionyesha tena lita 12 kwa siku. Mwekahazina alilisoma mbele ya wote, mstari kwa mstari. Kulikuwa na ukimya. Kisha mwenyekiti, aliye mkubwa wao kwa umri, alisimama na kumpa dereva mkono.

"Tulikuhukumu kabla ya kufungua mfuniko wa rejeta," alisema. "Utusamehe, ndugu yetu."

Dereva alipokea mkono ule. Baadaye aliomba jambo moja tu: safu mbili ziongezwe katika daftari, moja ya maji ya rejeta kila alfajiri kabla ya kuwasha, na nyingine ya mahali mshale unapotua jioni. Kazi yote haizidi dakika mbili. Tangu siku hiyo anaijaza yeye na kutia sahihi, na mwanachama mwingine mmoja, kwa zamu, hutia sahihi pembeni yake.

Vikundi vingine vyenye magari vinashauriwa kufungua safu hizo hizo katika madaftari yao. Gari likibadili mwendo au matumizi ya petroli, lipimwe kabla mtu hajashukiwa.